Matunzo Yanapofika Ukingoni

Mhadhara kwa wazazi na vijana, Nyakato, Mwanza

 

Nitaanza na dirisha la posta. Mwaka 1992 nilikuwa kidato cha tano katika shule ya bweni, mbali na hapa. Wazazi wangu waliachana nikiwa na miaka tisa. Mahakama ilimwamuru baba atoe matunzo kila mwezi, na baba, nimtendee haki, alitoa. Alikuwa akifanya kazi mkoa mwingine, kwa hiyo fedha zilikuja kwa mani oda. Kila mwisho wa mwezi mama alijifunga kanga yake nzuri, akapanda basi kutoka hapa Nyakato hadi mjini, akapanga foleni, kisha akatoka na noti zilizofungwa kwenye ncha ya leso. Nikiwa likizo tulikwenda wote. Kwa miaka yote ile sikumsikia hata mara moja akisema hazikuja.

Nilitimiza miaka 18 mwezi wa Novemba. Desemba tukaenda posta, karani akapekua, akatikisa kichwa. Tukarudi wiki iliyofuata. Tukarudi tena baada ya Krismasi. Mama akaanza kuuliza watu waliotoka huko kama baba ni mzima, maana alidhani labda amelazwa au amekufa na hatukuambiwa. Januari ilipofika akauza cherehani yake ya mguu ili nirudi shule. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikituongezea pale dagaa alizochuuza zilipopungua, kwa hiyo unaweza kukisia mwaka uliofuata ulikuwaje nyumbani.

Hakuna aliyekufa wala aliyefukuzwa kazi. Baba alikuwa amesoma karatasi ya mahakama na kuhesabu miaka yangu. Nilikuja kumuuliza nikiwa mtu mzima, mwenye watoto wangu, tumekaa chini ya mwembe wake. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Akasema, "Mwanangu, karatasi ilisema kumi na nane. Nilidhani mama yako anajua." Mama hakujua. Nakala ya hukumu ilikaa miaka tisa ndani ya sanduku, chini ya vitenge, na hakuna mtu aliyewahi kumsomea mstari ule.

Sikuja hapa kumshtaki marehemu baba yangu. Alikuwa ndani ya sheria, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wajibu wa kulipia matunzo una mwisho, na ni haki uwe na mwisho. Ninachokipinga ni ule mwisho unaokuja kimyakimya, mtoto akaugundua dirishani kama nilivyougundua mimi, au kwenye simu yake siku ambayo muamala haukuingia. Mtoto anapaswa kuijua siku hiyo mapema, kama anavyoijua tarehe ya mtihani wake.

Tutazame kwanza kilichoandikwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 129, inasema ni wajibu wa mwanamume kuwatunza watoto wake, wawe wanaishi kwake au kwa mtu mwingine: malazi, mavazi, chakula na elimu, kwa kadiri ya uwezo wake na hali yake ya maisha. Mama anabebeshwa wajibu huo pale baba anapokuwa amefariki, hajulikani alipo, au hawezi. Talaka haimo katika orodha ya udhuru.

Nasikia sana hapa mtaani mwanamume akisema, "Nilimwachia nyumba, nimemaliza." Ndugu yangu, hujamaliza. Mgawanyo wa mali ni jambo la mume na mke. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, ilikubalika kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango wake katika mali ya ndoa. Basi nyumba aliyopewa mtalaka wako ni jasho lake mwenyewe. Ukiihesabu tena kuwa ndicho chakula cha mtoto, umemlipa mama kwa fedha za mtoto, au umemlisha mtoto kwa jasho la mama. Chagua mojawapo, zote mbili ni dhuluma.

Kisha ikaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ilifanya mengi, na mojawapo ambalo halisifiwi vya kutosha ni kuifuta sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliyoweka ukomo wa matunzo kuwa shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia! Sheria ile iliendelea kuishi hadi wakati ambao mia hainunui hata fungu la dagaa pale sokoni. Sheria mpya, katika kifungu cha 44, inamtaka hakimu apime kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Inasema pia kwamba wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kupata matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla hawajatengana.

Na mwisho? Sheria hiyo inasema amri ya matunzo hukoma mtoto anapofikisha miaka 18. Inaweza kukoma kabla ya hapo akipata ajira ya kumwingizia kipato. Hapo ndipo wengi hufunga kitabu, akiwemo yule aliyemshauri jirani yangu mmoja mwaka jana. Mngefungua ukurasa unaofuata mngekuta kwamba mahakama inaweza kuendeleza amri hiyo baada ya miaka 18, ikiwa kijana yuko kwenye masomo au mafunzo. Anayeweza kuomba ni mzazi, ni mtu anayemlea, au ni kijana mwenyewe.

Narudia, kijana mwenyewe.

Neno lililotumika ni "inaweza". Hakimu halazimiki, atapima. Lakini mlango upo, na mwaka 1992 mlango huo haukuwepo kwa ajili yangu. Ulikuja miaka 17 baadaye. Nyinyi mnao.

Mtakumbuka Aprili 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Paul Makonda, alipowaita ofisini kwake wanawake waliotelekezewa watoto. Walijitokeza kwa maelfu, na watoto wachanga mgongoni. Nchi nzima ilizungumza. Nilizitazama picha zile nikawaza juu ya mtoto mwingine, yule ambaye habebwi tena mgongoni, aliyevaa sare ya kidato cha tano na ndevu zinaanza kuota. Huyo hakuna aliyemwita.

Sasa tuhesabu pamoja, maana hesabu hii ndiyo inayoonyesha kwa nini jambo hili ni zito kwetu kuliko penginepo. Mtoto akianza darasa la kwanza na miaka saba, akasoma miaka saba ya msingi, ana miaka 14. Ongeza minne ya sekondari: 18. Yaani siku ileile sheria inaposema amekuwa mtu mzima, yuko anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Akipangiwa kidato cha tano, atamaliza cha sita akiwa na miaka 20, na chuo kikuu bado hakijaanza. Hao ni waliobahatika kuanza mapema. Huku visiwani na vijijini kwetu, ambako mtoto huanza na miaka minane au tisa kwa sababu shule iko mbali au ng'ombe wanamhitaji, miaka 18 inamkuta kidato cha tatu, kalamu mkononi.

Mtaniambia elimu ni bure. Ni kweli ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita ikafuata mwaka 2022. Nashukuru, tena kwa moyo. Lakini chukueni maelekezo ya kujiunga ya shule yoyote ya bweni myasome hadi mwisho: godoro, shuka, trunka, ndoo, rimu za karatasi, sare za aina mbili, viatu, daftari, nauli ya kwenda na kurudi mara kadhaa kwa mwaka. Mtoto wa Nyakato anaweza kupangiwa Mtwara. Orodha hiyo inamfikia mama mmoja, ndani ya wiki chache, katika mwezi ambao baba amehesabu kuwa amemaliza.

Na tusiseme habari za chuo kikuu peke yake. Hapa Nyakato tuna chuo cha VETA, na baadhi yenu mmetoka huko sasa hivi. Naona mikono yenye mafuta ya gari. Kijana aliyemaliza kidato cha nne bila alama za kuendelea anaingia pale kujifunza umeme, uchomeleaji au ufundi magari akiwa na miaka 18 kamili au 19. Wazazi wake wanaona kama shule imekwisha na sasa anapoteza muda. Sheria haioni hivyo. Imesema masomo au mafunzo. Anayejifunza kuchomelea amesimama mlangoni palepale na anayesomea udaktari Bugando.

Kuna karatasi nyingine inayonisumbua. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, inajaribu kumtambua mhitaji kwa nyaraka. Yatima huambatisha cheti cha kifo cha mzazi. Ni sawa kabisa. Lakini mtoto wa talaka ambaye baba yake aliacha kutuma hana cheti cha kuambatisha. Kwenye fomu baba yuko hai, ana jina, pengine ana mshahara. Nimekaa na vijana wanaojaza fomu hizo, na wakifika kwenye mstari wa baba huinua kalamu. Binti mmoja aliniuliza, "Niandike kazi yake ipi? Sijamwona tangu darasa la tano."

Sasa niende kwa wazee, maana wapo wanaosema mambo haya ya mahakama ni ya kigeni. Sisi Wasukuma tulikuwa na mwisho wetu wa wajibu, na haukuwa miaka. Nani alikuwa akihesabu miaka? Babu yangu mwenyewe alizaliwa mwaka wa nzige, na hiyo ndiyo tarehe yake. Kijana alipofika wakati wa kuoa, baba alitoa ng'ombe wa mahari, na zizi lisipotosha akawaendea ndugu zake. Kijana akajenga kaya yake, akapewa pa kulima. Hapo ndipo baba alipoketi na kuvuta pumzi. Alikuwa amemfikisha mtoto mahali anapoweza kusimama mwenyewe, na kijiji kizima kilishuhudia, kwa sababu ng'ombe hawapiti kimya.

Sheria za mila zilipokusanywa na kutangazwa mwaka 1963 katika Tangazo la Serikali Namba 279, kazi iliyofanywa na Hans Cory, aliyewachunguza Wasukuma kwa miaka mingi, iliandikwa wazi kwamba mtoto wa ndoa ni wa upande wa baba. Mpaka leo, siku ya talaka, mwanamume husimama kifua mbele akasema, "Watoto ni wangu." Sawa, baba. Lakini katika mila hiyohiyo aliyesema mtoto ni wangu alibeba na zizi lake. Huwezi kuichukua mila siku ya kugombea watoto, ukaitupa siku ya kuwasomesha na kushika kalenda ya serikali. Shahada na cheti cha ufundi ndio ng'ombe wa siku hizi. Ndivyo vinavyomwezesha kijana kufungua mji wake.

Kwa ndugu zetu Waislamu, waliojaa hapa na kule Kirumba, mafundisho waliyolelewa nayo hayako mbali na hapo. Nafaqa, yaani matunzo, ya binti iko juu ya baba mpaka aolewe. Ya mwana iko juu yake mpaka aweze kujitafutia, na yule asiyeweza kwa maradhi au ulemavu haachwi. Angalieni kipimo: uwezo wa kusimama. Sheria yetu iliyoandikwa ndiyo iliyoleta namba, kwa sababu hakimu anahitaji mstari wa kusomeka, kisha kwa mlango ule wa masomo na mafunzo ikarudi nusu ya njia kuelekea kwenye kipimo cha wazee. Kenya walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya watoto ya 2001 iliruhusu wajibu wa mzazi kuvuka miaka 18 penye hali maalumu, na ulemavu unaweza kuwa mojawapo. Natamani na sisi tuseme hivyo waziwazi. Mzazi wa mtoto asiyeweza kula bila kulishwa hajui tofauti ya miaka 17 na 19.

Nimesema upande mmoja kwa muda mrefu. Sasa akina mama, nivumilieni, kwa sababu kuna akina baba wanaoumizwa pia na sijawahi kusikia mtu akiwasemea kwa heshima.

Namfahamu mvuvi mmoja wa dagaa, ambaye kambi yake iko visiwani. Mnajua dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, taa haina kazi, mitumbwi inalala mwaloni, na mvuvi anakula akiba. Mahakama ilimwambia atoe kiasi kilekile kila mwezi, naye akatoa: mwezi mzuri alituma, mwezi mbaya alikopa kwa mnunuzi wake akatuma, akalipa deni kwa samaki. Alikuwa akimsomesha kijana wake chuo. Kijana alifika miaka 20, 21, 22, na baba hakuuliza karatasi ilisema nini. Alituma tu, kwa namba ya mama, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Siku moja alishuka kutoka kivukoni, akapanda daladala hadi Buzuruga, akaita bodaboda impeleke kwa dada yake. Aliyekuja kumbeba alikuwa mwanawe. Kijana alikuwa ameacha chuo miaka miwili nyuma, ana pikipiki yake mwenyewe, ana mchumba. Ada ilikuwa ikiendelea kuja. Mama alisema aliogopa kumwambia, maana fedha zile zilikuwa zikiwalisha wadogo zake, ambao si watoto wa yule mvuvi.

Aliponisimulia, sikumsikia akilalamikia fedha. Alisema, "Nilikopa mbalamwezi ngapi kwa ajili ya kitu ambacho hakipo?" Na akasema kilichomuumiza zaidi ni kwamba mwanawe alikuwa mzima, anajitegemea, anaweza kumbeba baba yake kwa pikipiki yake mwenyewe, na furaha hiyo walimnyima kwa miaka miwili.

Mimi nilipomsikiliza nililiona dirisha la posta. Ni kimya kilekile, safari hii kimegeuziwa upande wa pili. Baba yangu alijua siku ya mwisho na hakuisema. Mama wa kijana huyu aliijua na hakuisema. Mtoto anapopata kazi au anapoacha masomo, anayepokea matunzo ana deni la kusema, siku hiyohiyo. Na kipato cha baba kikianguka, njia si kuzima simu. Mahakama iliyotoa amri ina uwezo wa kuibadilisha hali inapobadilika, kupandisha au kushusha. Mvuvi yule angeweza kueleza habari ya mwezi na giza mbele ya hakimu, na hakimu wa Mwanza asiyejua dagaa ni nadra.

Wapo pia watoto wanaotaka kulelewa hadi mvi. Tusijifiche. Italia, ambako sheria haitaji umri wa mwisho bali kujitegemea, mashauri ya namna hii yamefika hadi mahakama yao ya juu, na Agosti 2020 iliamua shauri la mwanamume wa zaidi ya miaka 30, mwalimu wa muziki wa muda, ambaye ilitakiwa matunzo ya mzazi yaendelee kwake. Mahakama ilisema mtu mzima lazima ajitahidi kujipatia riziki, hata kwa kazi asiyoiota. Nami nakubaliana nayo. Masomo yanayoendelezewa matunzo yawe masomo kweli. Anayelipa aone matokeo kila muhula. Hilo si udhalilishaji wa kijana, ni heshima kwa jasho la mtu. Akianguka mtihani mara moja, asaidiwe. Akibadili kozi mara ya tatu, baba yake akisema basi, mimi nitakaa upande wa baba.

Na nina maoni mengine ambayo akina mama huenda wasiyapende. Kijana akishavuka miaka 18, fedha za masomo ziende chuoni moja kwa moja au kwenye simu yake mwenyewe. Najua likizo anakula kwa mama, na chakula hicho nacho kihesabiwe. Lakini mtu mzima anayepokea msaada kwa mkono wake anajifunza kushukuru kwa mdomo wake, na baba anayemtumia mwanawe fedha hupata sababu ya kupiga simu. Nimeona baba na binti walioanza kusalimiana upya kwa sababu ya muamala wa mwezi. Mwanzoni ilikuwa "imefika?" na "imefika, asante baba". Baadaye ikawa "umeamkaje".

Nifike kwenye kigugumizi chetu kikubwa. Vijana, nikiwaambia kwamba sheria inawaruhusu kuomba wenyewe, nawaona mnatazama chini. Binti mmoja wa hapa chuoni aliniambia, "Nikimpeleka baba mahakamani, nani atasimama siku ya harusi yangu?" Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya ninalo leo. Radhi ya mzazi si jambo dogo kwetu. Mtoto anayemshtaki baba anabeba maneno ya ukoo mzima.

Ndiyo maana nasema jambo hili lifanywe kabla halijawa kesi. Miezi sita kabla ya mtoto kufikisha miaka 18, wazazi wakae, hata kama hawajasalimiana miaka kumi. Kama hawawezi kukaa chumba kimoja, shangazi au baba mdogo awe katikati. Mtoto awepo na aongee. Yaandikwe mambo machache: yuko darasa gani, atasoma nini, hadi lini, baba atatoa kiasi gani na mama kiasi gani, na nini kitasimamisha yote. Mkikubaliana, ipelekeni karatasi hiyo mahakamani itambuliwe, isibaki maneno ya chini ya mti. Msipokubaliana, nendeni Ustawi. Najua watu husema "nitakupeleka Ustawi" kama tishio, lakini kazi ya afisa ustawi wa jamii ni kuwakalisha chini kwanza. Ikishindikana huko, Mahakama ya Watoto ipo, na anayeomba anaomba kuendelezwa kwa kitu kilichokuwepo. Hamshtaki baba kwa kosa lolote. Yule binti nilimweleza hivyo, tukamtafuta kwanza baba yake mdogo. Mahakamani hatukufika.

Jambo la kukumbuka: ombeni kabla ya siku ile ya kuzaliwa, amri ikiwa bado hai. Na nyinyi akina baba wenye malimbikizo, msijidanganye kwamba keki ya miaka 18 inafuta miezi mliyoruka. Amri inakoma kwa siku zijazo. Deni la nyuma ni deni.

Na siku wajibu unapokwisha kweli, baba auseme kwa kinywa chake. Rafiki yangu mmoja, fundi seremala hapa Nyakato, alimsubiri binti yake hadi alipomaliza chuo cha ualimu. Akampeleka ufukweni wakala sato wa kuchoma, wawili tu. Alipomaliza kunawa akamwambia, "Mwezi huu ndio wa mwisho wa ile ya mahakama. Kuanzia mwezi ujao ukiwa na shida njoo nyumbani, kama mtoto anavyokuja nyumbani." Binti alilia. Jioni ileile alimpigia mama yake simu akamwambia, na mama, ambaye hakuwa amezungumza na mtalaka wake kwa miaka, akatuma ujumbe wa maneno matatu: "Asante, Baba Neema." Jina la binti nimelibadilisha.

Kabla sijaketi nina ombi. Walioachana walio hapa, na watoto wa walioachana, ni wangapi mnajua nakala ya hukumu yenu iko wapi leo usiku? Sikuulizeni inasema nini. Nauliza iko wapi: sandukuni, kwa wakili, kwa bibi kijijini, au ilipotea mlipohama. Mkirudi nyumbani itafuteni. Kama haipo, ombeni nakala pale mahakamani shauri lilipoamuliwa. Kisha mtafuteni mtu anayesoma vizuri, awasomee hadi mstari wa mwisho, mtoto akiwa ameketi hapohapo.

Naona mikono imeinuka tangu nilipotaja VETA. Tuanze na dada yule aliye karibu na dirisha, kisha mzee mwenye kofia.